Msitu Uliolala Kwamrindo

Siku maji yalipoongezeka kwenye ndiva ya Kwamrindo, vigelegele vilisikika mpaka Msangaleni, kijiji cha bondeni, na Nakijwa Mchome alipiga vigelegele pamoja na wenzake.

Kilikuwa kiangazi kibaya. Masika yalikatika kabla mahindi hayajafika kiunoni, na vuli, tangu kizazi kilichopita, ilikuwa imebaki neno tu ambalo watoto waliuliza maana yake shuleni. Milima ya Upare ilikuwa imekauka, rangi yake kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa. Mahali pekee palipobaki kijani ni msitu wa Kwamrindo, juu kabisa, ambako ukungu hunasa kwenye matawi na kudondoka tone kwa tone. Chini ya msitu huo kuna chemchemi, na chini ya chemchemi kuna ndiva, bwawa la udongo ambamo vijiji viwili, Kwamrindo juu na Msangaleni chini, vimekuwa vikikinga maji na kuyagawana kwa zamu kwa miaka isiyojulikana. Maji yalikuwa yamepungua mpaka matope ya chini yakaanza kuonekana. Kisha, bila tone la mvua, yakaacha kupungua. Kisha yakaanza kupanda.

"Daktari, unayaona maajabu haya?"

Aliyesema hivyo ni Elisamia Mbonea, mwenyekiti wa kamati ya maji, amesimama ukingoni suruali kaikunja hadi magotini. Alikuwa mtu mzito wa kuongea, lakini siku hiyo alikuwa anacheka peke yake.

"Sijawa daktari bado, Mwenyekiti. Nimebakiza mwaka."

"Kwa maji haya watakunyima nini? Mwambie huyo profesa wako aje na ile kofia, akuvalishe hapahapa."

Watu wote waliamini kwamba maji yale yameletwa na Lala. Ndivyo walivyoyaita mahindi ya Nakijwa, na jina likashika hata chuoni. Yalikuwa mahindi kama mahindi mengine mpaka ukame ulipoingia. Hapo mkulima alinyunyiza dawa kidogo kwenye kona moja ya shamba, na baada ya siku chache shamba zima likalala: majani yakajiviringa, yakawa ya kijivu na ya baridi kama bati la alfajiri, mizizi ikaacha kunywa. Yangeweza kukaa hivyo miezi. Uwezo huo watafiti waliutoa kwenye majani fulani ya miambani, yale yanayokauka mpaka yanavunjika mkononi, na mvua ikinyesha yanafufuka. Ili shamba lilale kwa pamoja, waliweka kuvu ardhini, nyuzi nyembamba kuliko unywele zinazounganisha mzizi na mzizi, na habari ya kulala ikapita humo kutoka mche hadi mche. Mvua ikikaribia, mkulima humimina dawa nyingine kwenye mfereji, mwamsho, na mahindi yakaamka na kuendelea pale yalipoachia.

Mahindi hayo yalibuniwa na Profesa Semboja. Sehemu ya Nakijwa, ile aliyoifanyia utafiti wa shahada ya uzamivu katika usimamizi wa maji ya kilimo, ilihusu watu. Msangaleni wakilaza mahindi yao, maji ya zamu yao yataenda kwa watu wa juu, Kwamrindo, kwa mboga na kwa kunywa. Na watu wa juu watayarudisha mvua zitakapokaribia. Vijiji vilivyowahi kupigana mapanga kwa ajili ya mfereji vingeweza kukopeshana kiangazi kizima. Chuoni wengi walisema haiwezekani. Ikawezekana kwa sababu ya mwanamke mmoja, Naetwe, mama wa makamo wa Msangaleni ambaye shamba lake refu linapakana na mfereji mkuu, na ambaye Nakijwa alikuwa anaishi kwake. Watu walimwita Mama Kiondo. Alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia wanawake wenzake, "Mimi nalaza langu. Nikifa njaa, mtanicheka mkiwa mmeshiba." Wakamcheka, kisha wakalaza.

Mchana ule Mama Kiondo alipika makande, akamwita kila aliyepita njiani. Nakijwa alikula sahani nzima na kuongeza. Alikuwa ananawa mikono wazo lilipomjia, na mikono ikabaki imelowa hewani.

Kulaza mahindi kunaweza kuzuia maji yasitumike. Hakuwezi kuifanya chemchemi itoe zaidi.

"Mama Kiondo," alisema, "nakwenda juu mara moja."

"Jua lote hili? Kuna nini?"

"Sijui. Nataka kuona maji yanatoka wapi."

"Yanatoka kwa Mungu, mwanangu. Chukua kofia."

* * *

Aliufuata mfereji kwenda juu. Kwenye kingo zake watu walikuwa wamepanda magimbi, kama ilivyo desturi ya mifereji ya udongo, na Nakijwa alikuwa ameyapita mara nyingi bila kuyatazama. Sasa aliyatazama. Majani mapana yalikuwa yamejikunja kuelekea ndani. Aligusa moja. Lilikuwa baridi.

Hakuna mtu aliyeweka Lala kwenye magimbi. Hakuna mtu ambaye angeweza.

Aliongeza mwendo. Juu ya ndiva, kwenye kijito kinachotoka msituni, kangaga za kando ya maji zilikuwa za kijivu. Alipoingia chini ya miti, jambo la kwanza aliloliona ni ukimya. Msitu wa Kwamrindo ulikuwa na kelele siku zote, hondohondo wakigombania tunda, mbega wakirukaruka. Siku hiyo alisikia viatu vyake tu. Mkuyu mkubwa uliosimama juu ya chemchemi ulikuwa umejaa matunda, lakini yote madogo na magumu kama kokoto, na ardhini hapakuwa na hata moja lililodondoka.

Alikuwa na kifaa walichokiita kisikizi, kibanio chenye ukubwa wa kiganja ambacho hubanwa kwenye shina na kusikiliza maji yanavyopanda kutoka mizizini kwenda majanini. Kwenye mti unaokunywa utasikia mlio mdogo wa kudonoadonoa, kama kuku kwenye sinia. Alikibana kwenye mkuyu na kuweka spika sikioni. Kimya. Alikihamishia kwenye mti wa pili, wa tatu, akapanda mteremko hadi pumzi zikamwisha. Kimya kila mahali.

Alikaa chini kwenye majani. Alielewa yote kwa mara moja, na hakutaka kuyaelewa. Nyuzi za kuvu zilitoka kwenye mahindi zikafuata unyevu wa mfereji. Ukingo wa udongo, mizizi imesongamana, ulikuwa njia nzuri kuliko shamba lenyewe. Habari ya kulala ikapanda mlima. Na miti, ambayo kila siku huvuta ardhini maji mengi kuliko vijiji viwili, ikaacha kuvuta. Maji iliyoyaacha yakatokea pale chini, kwenye chemchemi, na watu wakapiga vigelegele.

Lakini Lala yalikuwa na namna ya kuamka ndani yake. Mkuyu haukuwa nayo. Mti uliolala haupiki chakula. Unakula akiba yake. Akiba ikiisha, majani yatapukutika. Majani yakipukutika, ukungu utapita juu ya Kwamrindo bila kupata pa kushika.

* * *

Profesa Semboja alijibu simu akiwa nyumbani kwake, na sura yake ikatokea kwenye ukuta mweupe wa chumba cha Nakijwa, kubwa, yenye uchovu. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mwenye sauti ya chini, na alimsikiliza mwanafunzi wake mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Una uhakika na vipimo?"

"Nimepima miti mpaka betri ikaisha, Profesa. Yote imelala."

"Na chemchemi imepanda kwa kiasi gani?"

"Karibu mara mbili."

Profesa alivua miwani. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa na kitu ambacho Nakijwa hakukitegemea. Ilikuwa furaha iliyofichwa.

"Unaelewa ulichokigundua? Hatujawahi kuwa na njia ya kuongeza maji ya mto. Tunagawa, tunabana, tunaomba. Hakuna aliyewahi kuufanya mlima utoe zaidi."

"Mlima hautoi zaidi, Profesa. Tunakunywa maji ya miti. Mvua ikifika, miti itakuwa imekwisha."

"Huna uhakika na hilo."

"Nina uhakika miti haina mwamsho."

"Basi tutautengeneza. Nipe muda. Nitaleta timu, tutapima kila siku." Aliinama karibu na kamera. "Nakijwa, nisikilize. Nilizaliwa mwaka ule mto wetu ulipokufa. Maji tulifungiwa kwa kufuli. Mama yangu aliolewa mara ya pili na mtu aliyekuwa na kisima, na hakumpenda, na sisi tulijua. Kuna mabonde mangapi kama hilo? Msitu wenyewe ni mdogo, unauzunguka asubuhi moja. Chini yake kuna bonde zima."

"Na nikiyaamsha Lala? Yakiamka, kuvu inapeleka habari ya kuamka badala ya kulala. Miti ikiacha kuisikia ile ya kulala, huenda ikajiamkia yenyewe."

"Huenda. Lakini Lala yakiamka sasa yatataka maji, na mvua bado sana. Utayanywesha ndiva nzima kisha utayaangalia yakifa. Msangaleni watakula nini? Utawalisha hilo neno lako, huenda?"

Nakijwa alikitazama kisikizi kilichokuwa kinachajiwa mezani.

"Usiguse kitu," alisema Profesa. "Na usiwatie watu hofu. Nakuomba."

* * *

Alilibeba jambo hilo moyoni siku ile na iliyofuata. Alikwenda shambani, akapima alichozoea kupima, akarudi. Mama Kiondo alimwekea chakula na kukiondoa kama alivyokiweka. Mwisho akavuta kigoda akakaa mbele yake.

"Kama ni mwanamume, nitajie jina. Kama ni ugonjwa, twende zahanati."

Nakijwa akamwambia. Alimwambia kila kitu, kwa maneno mepesi, tangu magimbi hadi mkuyu. Mama Kiondo alisikiliza akichambua maharage, na vidole vyake vikapunguza mwendo hadi vikasimama.

"Kwa hiyo haya maji tunayofurahia," alisema, "ni miti inakufa."

"Bado haijafa. Inaweza kufa."

"Na dawa ni kuamsha mahindi."

"Labda ndiyo dawa. Hakuna aliyejaribu."

"Mahindi yangu. Na ya wenzangu niliowaambia walaze." Aliinuka, maharage yakamwagika kwenye kanga. "Unajua niliwaambia nini? Nilisema Nakijwa ni mtoto wa kwetu, hatuletei uongo. Mwaka juzi tulikula mbegu. Mwaka huu tuna mahindi yamesimama pale, na kila nikipita nayaona, moyo unatulia. Sasa unataka nikawaambie wayaue kwa sababu ya labda?"

"Sijasema uwaambie."

"Basi na wewe usiseme. Mvua itakuja, tutaamsha wote pamoja. Usiseme, mwanangu."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira, ingekuwa nafuu.

* * *

Kesho yake asubuhi, Nakijwa alitoa dumu la mwamsho stoo akalifunga kwenye baiskeli. Lilikuwa limejaa, lilitosha mashamba yote ya Msangaleni. Alisukuma baiskeli mlimani akijiambia kwamba anakwenda kutazama tu.

Elisamia alikuwa ndivani, tayari kufungua lango kwa zamu ya siku hiyo. Ndiva ilikuwa imejaa hata ukingo umelowa. Alipomwona akashika nguzo ya lango na kungoja. Alijua kazi zake. Mara nyingi Nakijwa alimimina rangi kwenye maji mlangoni pa mfereji, kisha akakimbia nayo kwenda chini, akipima kasi yake.

"Leo umekuja na dumu zima," alisema Elisamia.

"Ndiyo."

"Haya, mimina. Ukishamaliza niambie nifungue." Akageuka akamwacha na maji, akaanza kung'oa majani yaliyoziba wavu.

Nakijwa alikuwa amefungua kifuniko. Harufu ya mwamsho ni kali kidogo, kama ndimu iliyooza. Lango lingefunguliwa, dawa ingefika kila shamba kabla ya mchana, na hakuna ambaye angejua. Mahindi yangeamka, yangekauka, watu wangesema ni ukame, ni mbegu mbaya. Na juu pale labda mkuyu ungeanza kunywa. Alimtazama mgongoni yule mzee, shati limetoboka begani, anang'oa majani bila kugeuka kutazama anachofanya. Miti ya juu ililazwa bila kuulizwa. Magimbi pia. Sasa alikuwa anataka kuwafanyia watu hivyohivyo, kwa nia njema ileile.

Alifunga kifuniko.

"Mwenyekiti," alisema. "Si rangi. Naomba usifungue. Naomba uite watu."

* * *

Walikuja wote, wa juu na wa chini, wakakaa kwenye majani makavu kando ya ndiva. Nakijwa alisimama akaeleza. Alipomaliza, wakaongea wote kwa pamoja.

Alidhani watu wa juu watautetea msitu, kwa kuwa ni wao waliokua chini yake. Mwanamke wa kwanza kusimama alikuwa wa Kwamrindo, Nambike, aliyekuwa na shamba la kabichi. "Mwaka huu ndio mara ya kwanza nimeuza kabichi mpaka Same," alisema. "Mnataka nirudi kwenye shida ile? Miti si mifu. Nimeiona, ina majani."

"Ina majani kwa sababu imelala, dada."

"Basi iache ilale! Hata mimi ningelala ningekuwa na nafasi."

Watu wakacheka, cheko lisilo na raha. Kijana wa Msangaleni akanyoosha mkono. "Dada Nakijwa, nakuuliza kitu kimoja. Tukiamsha mahindi, msitu unaamka?"

Macho yote yakamgeukia. Angeweza kusema ndiyo. Aliliona hilo neno limekaa mdomoni, na aliona jinsi ambavyo lingewageuza nusu yao.

"Sijui," alisema.

"Hujui."

"Naamini huenda ukaamka. Tukisubiri mvua, naamini utakufa, na chemchemi itaufuata baada ya miaka michache. Lakini hakuna aliyewahi kufanya hili. Sijui."

"Umesoma mpaka wapi ndipo ukafika hapo pa kutojua?" mtu mmoja akapaza sauti nyuma, na kelele zikaanza upya. Elisamia aliwatuliza kwa shida. Walipopiga kura kwa mikono, waliotaka mahindi yaamshwe walikuwa wachache hata hakuhangaika kuwahesabu. Mama Kiondo hakunyoosha mkono upande wowote. Alijifunga kanga akaondoka kabla kikao hakijaisha, na hakushuka kwenda nyumbani. Alipanda.

Nakijwa alimkabidhi Elisamia dumu mbele ya watu. "Lifungie ofisini," alimwambia. "Mimi usinipe ufunguo."

* * *

Mama Kiondo alirudi siku ya pili yake, jua likiwa limepanda, na majirani wawili nyuma yake, mwanamke na mumewe, ambao shamba lao lilifuatana na lake kwenye ukingo wa mfereji. Viatu vyake vilikuwa na matope mekundu ya msituni.

"Yale mahindi yaliyo mbali na mfereji," alimwuliza Nakijwa bila salamu, "yakiendelea kulala, habari yao inafika msituni kwa njia gani?"

"Kwa mashamba yenu. Yenu ndiyo yanayogusa ukingo."

"Kwa hiyo sisi tukiamsha yetu, njia imekatika."

Nakijwa alifikiri kabla ya kujibu, kwa sababu alitaka sana liwe kweli. "Ingekatika. Lakini ingekuwa na nguvu ndogo kuliko kuamsha yote. Huenda ikafika miti ya karibu tu."

"Huenda, huenda." Mama Kiondo akakaa kizingitini akavua viatu. "Nilikuwa pale tangu jana, mpaka alfajiri ya leo. Mama yangu alikuwa akitutuma pale kuokota kuni, tukikaa sana anatuchapa, kwa sababu tulikuwa tunasikiliza ndege tunasahau. Leo nimekaa mpaka mgongo ukauma. Hakuna ndege. Hata siafu hakuna." Alitikisa viatu. "Wenzangu siwezi kuwaambia. Niliwaambia mara moja, na hawana kosa. Shamba langu ni langu. Nitaliamsha. Hawa nao wamekubali, tumebishana njia nzima."

"Mama Kiondo, hayatafika mvua. Yatakufa."

"Umeshanieleza, mwanangu. Sikiliza wewe sasa. Nakuruhusu la kwangu na la hawa. Si zaidi."

Elisamia aliwafungulia mfereji mdogo wa upande ule tu, kwa zamu yao halali, na akasimama kando ya dumu muda wote. Nakijwa alimimina kiasi kilichohitajika. Lilipobaki zaidi ya nusu, alihisi mikono yake haitaki kuliinua tena wima, inataka kumimina lote. Elisamia aliweka mkono chini ya dumu wakaliinua pamoja, akalifunga, akalibeba.

* * *

Mahindi yaliamka vizuri. Kwa majuma kadhaa mashamba mawili ya kando ya mfereji yalikuwa mazuri kuliko yote mlimani, ya kijani kibichi, na watu waliopita waliyatazama kwa wivu. Yakatoa mbelewele. Kisha zamu za maji hazikuyatosha, yakaanza kugeuka manjano kutoka chini, jani baada ya jani.

Na chemchemi ikaanza kupungua.

Nakijwa aliambiwa na Nambike, aliyesimama mlangoni na ndoo nusu tupu. "Umefurahi sasa? Kabichi zangu zinanyauka. Umefurahi?" Nakijwa alimtazama, na jibu la kweli lilikuwa ndiyo, kwa sababu maji hayapungui kule ila miti imeanza kunywa. Alisema, "Pole, dada," na hiyo nayo ilikuwa kweli. Nambike alimwaga ile nusu ndoo miguuni pake akaenda zake.

Alikimbia msituni. Kwenye mkuyu wa chemchemi kisikizi kilidonoa, polepole, kwa kusitasita. Kwenye miti ya kandokando nayo kilidonoa. Alipanda mteremko akisikiliza shina baada ya shina, na mahali fulani katikati ya mlima mlio ukakoma. Alibana tena na tena, akapanda hadi kileleni. Kuanzia pale kwenda juu, nusu ya msitu, hakuna kilichosikika. Alirudi kila siku. Mpaka huo haukusogea. Mvua za kwanza ziliponyesha, miti ya juu ilikuwa imeanza kupukutisha majani yake, mazima, bila kukauka, kama mtu anayevua nguo. Miti ya chini ilinyeshewa ikaamka kabisa.

Timu ya Profesa ilikuja na mitambo yake. Ilithibitisha alichosema, na ilithibitisha pia alichokiogopa: mashamba yote yangeamshwa siku ile, habari ya kuamka ingekuwa na nguvu ya kufika kileleni. Profesa Semboja alikuja mwenyewe. Walikaa ndani ya gari lake, madirisha yakiwa wazi.

"Nilikwambia usiguse kitu," alisema. "Na kama ulikusudia kugusa, kwa nini hukugusa chote? Umepoteza maji na umepoteza msitu. Nusu na nusu."

"Walikataa, Profesa."

"Dumu lilikuwa mkononi mwako."

"Ndiyo."

Profesa alitazama mlima. Alionekana mzee. "Nimekutoa kwenye mradi. Si adhabu. Wafadhili wanataka tulaze msitu mwingine, na najua hutakwenda." Alifikiri kidogo. "Mimi ningemimina," alisema kwa sauti ndogo, na Nakijwa hakujua kama anajisifu au anajilaumu.

Msangaleni waliamsha mahindi yao mvua ilipokolea, wakavuna. Mavuno yalikuwa mazuri. Wengine walimpelekea Mama Kiondo debe la mahindi, wengine walimpita njiani bila salamu, kwa kuwa alikuwa amewaaibisha.

Asubuhi moja yeye na Nakijwa walikuwa shambani kwake, wanakata mabua makavu kwa ajili ya mbuzi. Walifanya kazi, mundu mmoja huku, mwingine kule.

"Wanasema ungemimina lote, kule juu kungeamka," alisema Mama Kiondo.

"Wanasema kweli."

"Unajuta?"

Nakijwa alikata bua, akakata jingine. Kutoka pale walipo kilele kilionekana kupitia mvua nyepesi, matawi matupu, ukungu ukipita katikati yake bila kusimama.

"Siku nyingine najuta," alisema. "Siku nyingine nakutazama wewe, najua nisingeweza kurudi kula kwako."

"Usingerudi. Ningekutupia mizigo yako mferejini." Mama Kiondo alifunga mzigo wa mabua kwa kamba, akauinua hadi magotini, akapumzika. Naye alikuwa anakitazama kile kilele, na alikiangalia kwa muda mrefu. "Na bado ningependa kile kingeamka," alisema. "Njoo unitwishe."

Nakijwa aliweka mundu chini akaenda kumtwisha.